Lodi Aliyezikwa Kiislamu Uingereza

Si malodi wote wa Kiingereza waliokuwa watu wa kanisa. Henry Stanley, aliyezaliwa mwaka 1827, alikuwa ameshasilimu baba yake alipofariki mwaka 1869 na kumwachia cheo. Ndipo akawa Mwislamu wa kwanza kuingia Bunge la Malodi.

Nyumbani kwao kila ndege aliruka na ubawa wake. Nduguye Algernon alikuja kuwa askofu wa Kikatoliki. Lyulph hakufuata dini yoyote. Na mwanafalsafa Bertrand Russell, aliyeikana dini waziwazi, alikuwa mpwa wao.

Stanley alivifunga vilabu vya pombe katika ardhi yake ya Alderley. Lakini makanisa ya watu wa Anglesey, huko Wales, aliyatengeneza kwa fedha zake mwenyewe.

Pwani yetu nayo aliijua vitabuni. Mwaka 1866 ilitoka tafsiri yake ya kitabu cha Mreno Duarte Barbosa, kinachoeleza habari za Kilwa, Mombasa na Malindi.

Alifariki Desemba 1903, mwezi wa Ramadhani, bila mtoto. Cheo kilimwendea Lyulph. Maiti yake ilizikwa Alderley kwa sheria ya Kiislamu, akasimamia mazishi imamu wa ubalozi wa Uturuki. Mola amrehemu.