Friza ya Pili Garini? Anza na Betri

Huenda wewe ni miongoni mwa wakazi wa Kitisuru ambao Ijumaa jioni hufunga mizigo na kuelekea Maasai Mara kwa gari la kulala ndani. Friji imejaa maziwa na mboga, nao watoto wanadai nyama na aiskrimu. Wazo linakujia: kwa nini tusiongeze friza?

Ongeza, lakini piga hesabu kwanza. Friji ndogo ya volti 12 hula takriban amperi 4 inaponguruma. Ikinguruma nusu ya siku, hizo ni amperi-saa 48. Betri ya kawaida ya amperi-saa 100 haifai kutumiwa kupita nusu, la sivyo huharibika upesi. Friji moja tu imeimaliza! Friza itanyonya wapi, kama si kwenye betri ya injini? Asubuhi unazungusha ufunguo: kimya. Nawe uko mbugani, ambako kushuka kusukuma gari ni kujipeleka kwa simba.

Basi mwombe fundi wa umeme wa magari akufungie betri mbili za friji na friza pekee, pamoja na swichi ya kuzitenga na ile ya injini, waya nene na fyuzi. Paneli ya sola juu ya paa itazijaza mchana. Nyama nayo, igandishe nyumbani kabla ya safari.

Na kama babu anatumia insulini, iweke kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, kamwe si kwenye friza. Ikiganda haifai tena.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.