Kujifunza ufundi wa frigo kwa mchezo: kosa lisilomgharimu jirani

Mama mmoja mwenye duka dogo hapa Kolwezi anaita fundi: frigo yake haigandishi tena. Kompresa inanguruma sekunde chache, inasikika "tak", inanyamaza, kisha baada ya muda inajaribu tena. Kijana anayefika anasema lile asemalo kila siku: "Mama, gazi imekwisha." Anakata bomba, anajaza gazi, anapokea pesa. Kesho yake frigo ni ileile.

Pengine gazi haikuwa na shida. Frigo za kwetu zinahitaji umeme wa volti 220 hivi. Umeme ukishuka sana, kompresa inashindwa kuanza, inapata joto, na kinga yake inaikata. Hiyo ndiyo "tak". Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi, lakini umeme dhaifu tunaujua. Kupima mara moja kwenye prizi kungeonyesha ukweli kabla ya kukata bomba.

Kijana huyo si lazima awe mwizi. Hakufundishwa kuuliza mashine. Alijifunza kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake inalipwa na wengine.

Mchezo unafundisha nini

Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kuwafundisha marubani wakiwa chini. Mwanafunzi akikosea, hakuna anayekufa. Leo wazo hilo limeingia katika ufundi wa kupoza na kupasha joto. Kampuni kama Interplay Learning ya Marekani zinatengeneza programu ambamo mwanafunzi anaona mashine kwenye kompyuta kama mchezo wa video. Ubovu umefichwa. Anachagua kipimo, anagusa nyaya mbili, anasoma volti, anafikiri, kisha anaamua. Akibadilisha kifaa ambacho ni kizima, anaona kwamba amepoteza muda na pesa bure. Anaanza upya, mara kumi akitaka.

Hatari nazo anazijifunza bila kuumia. Kondensata, kile kijikopo kinachosaidia mota kuanza, kinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Tena frigo nyingi mpya zina gazi ya R-600a, ambayo inashika moto. Anayewasha moto wa kulehemu bila kuitoa kwanza anaweza kuungua uso.

Lakini kioo cha kompyuta hakifundishi mkono. Kuunganisha bomba la shaba, kusikia kompresa inayochoka, kuondoa vumbi la barabara za malori ya mgodi lililoziba nyuma ya frigo: hayo yanahitaji meza, vyombo, na fundi mzee aliye karibu. Mchezo unatayarisha akili, halafu mkono unajifunza kwa kushika.

Tunaweza kuanza na karatasi

Parokia isiyo na kompyuta isikate tamaa. Fundi mwenye uzoefu aandike ubovu mmoja kwenye karatasi na kuificha. Yeye sasa ndiye "frigo". Vijana wamuulize: "Volti kwenye prizi ni ngapi?" "Kompresa ni ya moto?" Awajibu kama mashine ingejibu. Kila swali liwe na bei ndogo, na kila kifaa kilichobadilishwa bure kiwe na bei kubwa. Anayepata ukweli kwa gharama ndogo ndiye mshindi. Baadaye fundi achukue frigo ya zamani, achomoe waya mmoja ndani, na vijana wautafute kwa kipimo.

Kwa nini ni jambo la Kanisa

Tangu 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba, na vijana wengi wanaona mlango mmoja tu wa riziki: madini. Ufundi huu ni mlango mwingine, na unahitajika mgodini, dukani na hospitalini. Katika vituo vyetu vya afya chanjo nyingi hutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Joto likizidi zinaharibika, na baadhi huharibika zikiganda. Fundi anayebahatisha hapo anacheza na maisha ya watoto.

Hata hewa tunayopewa na Mungu imo ndani ya kazi hii. Gazi nyingi za kupoza zikiachiwa ovyo zinaongeza joto la dunia. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza matumizi yake.

Katika Kutoka 31 tunasoma kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono. Ndugu mafundi mlio katika makusanyiko yetu, nanyi mmepewa kipawa. Jumamosi moja kwa mwezi, karatasi chache na frigo moja mbovu vinatosha kuanza. Wafundisheni vijana kupima kwanza, na kumwambia mama wa duka ukweli hata pale ambapo ukweli hauleti pesa: "Mama, frigo yako ni nzima. Shida ni umeme."