Glukosi na Siki Katika Mizani Moja

Chukua glukosi ya unga inayouzwa dukani, siki na maziwa mgando. Mpishi atakuambia vitu hivi havina undugu wowote: kimoja kitamu, cha pili kinakereketa koo, cha tatu kinateremka vizuri na ugali. Sasa iondolee siki maji yake, maana sehemu kubwa ya siki ni maji na asidi haizidi sana asilimia 5, mpaka ubaki na asidi ya siki tupu. Fanya hivyohivyo kwa asidi laktiki, ile inayoyapa maziwa mgando ukali wake. Kisha ongeza kitu cha nne ambacho hakipaswi kukaribia jiko kabisa: fomaldehaidi, gesi inayoyeyushwa katika maji ili kupata fomalini ya kuhifadhia maiti.

Pima sasa kila kimoja kina nini ndani yake kwa uzito. Glukosi: kaboni asilimia 40.0, haidrojeni 6.7, oksijeni 53.3. Asidi ya siki: 40.0, 6.7, 53.3. Asidi laktiki, vilevile. Fomaldehaidi, vilevile. Mizani haijakosea popote. Imejibu swali ililoulizwa, ila swali lenyewe lilikuwa dogo kuliko tulivyodhani.

Tuziandike fomula zao. Glukosi ni C₆H₁₂O₆, asidi laktiki ni C₃H₆O₃, asidi ya siki ni C₂H₄O₂, na fomaldehaidi ni CH₂O. Hizi ni fomula za kimolekuli. Kila moja inahesabu atomu zilizomo katika molekuli moja ya kitu hicho, bila kuacha hata moja. Katika glukosi tunazo namba 6, 12 na 6. Tafuta namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote tatu bila kubakiza, yaani kile kigawo kikubwa cha shirika tulichofundishwa shule ya msingi tukadhani kazi yake imeishia darasani. Ni 6. Gawa, utapata 1, 2 na 1, ambayo huandikwa CH₂O. Asidi laktiki gawa kwa 3, asidi ya siki gawa kwa 2. Zote zinaangukia CH₂O. Fomula hii iliyopunguzwa hadi mwisho huitwa ya kiempiriki. Mimi napendelea kuiita fomula ya uwiano, kwa sababu jina hilo linasema wazi inachokijua na isichokijua: inajua uwiano wa atomu, haijui idadi yake.

Hesabu yenyewe haina ugumu, lakini kuna mahali ambapo wanafunzi wengi huteleza. Wape sukari ya mezani, C₁₂H₂₂O₁₁, uwaambie waipunguze. Jicho linaona 12 na 22, mkono unagawa kwa 2, na ghafla kuna oksijeni tano na nusu. Badala ya kurudi nyuma, mwanafunzi anaifuta ile nusu na kuandika 5 au 6. Atomu ya oksijeni haikatwi vipande kwa ajili ya kupendezesha jibu. Namba 11 inagawika kwa 1 na kwa 11 tu, na 11 haiingii katika 12 wala haina haja ya kulazimishwa. Kwa hiyo sukari ya mezani haipunguziki: fomula yake ya kimolekuli ndiyo hiyohiyo ya uwiano. Jibu la namna hii huwatia wanafunzi wasiwasi kwa kuwa hakuna walichokifanya, nami huwaambia kwamba kuthibitisha kuwa hakuna cha kugawa nako ni kazi.

Kosa la pili ni kuishia njiani. Mtu anagawa glukosi kwa 2, anapata C₃H₆O₃, anaweka kalamu chini. Hajamaliza, maana namba zote tatu bado zinagawika kwa 3. Lakini itazame fomula aliyoiacha: ni ya asidi laktiki. Na kweli msuli wa mkimbiaji aliyeishiwa pumzi huivunja molekuli moja ya glukosi ikatoa mbili za asidi laktiki, bila atomu kuongezeka wala kupotea. Daftarini ni kosa, mwilini ni njia ya kupata nguvu.

Msomaji ana haki ya kuuliza: ikiwa fomula ya kimolekuli inajua zaidi, kwa nini tujisumbue kuipunguza? Jibu ni kwamba katika maabara safari huanzia upande wa pili. Hakuna aliyezaliwa akijua C₆H₁₂O₆. Kilichotangulia ni mizani, na mizani hutoa uwiano peke yake.

Mwaka 1831 Justus von Liebig, aliyekuwa akifundisha Giessen huko Ujerumani, alitengeneza chombo cha kioo chenye vitufe vitano vilivyojazwa myeyusho wa potasi. Kitu cha kuchunguzwa kilichomwa kabisa. Mvuke wa maji ulinaswa na kloridi ya kalisi, na hewa ya ukaa ikanaswa ndani ya vile vitufe. Kila kimoja kilipimwa kabla na baada ya kuchoma. Maji yaliyoongezeka yalieleza haidrojeni, hewa ya ukaa ikaeleza kaboni, na kilichopungua kwenye jumla kikahesabiwa kuwa oksijeni, pale ambapo hapakuwa na elementi nyingine.

Tufanye hivyo kwa gramu 3.00 za asidi ya siki. Zikiungua zote zitatoa hewa ya ukaa gramu 4.40 na maji gramu 1.80. Ndani ya hiyo hewa ya ukaa mna kaboni gramu 1.20, ndani ya maji mna haidrojeni gramu 0.20, na zilizobaki kutimiza 3.00 ni oksijeni gramu 1.60. Gawa kila moja kwa uzito wa atomu yake: 1.20 kwa 12, 0.20 kwa 1, 1.60 kwa 16. Unapata 0.1, 0.2 na 0.1, yaani moja kwa mbili kwa moja. CH₂O imejitokeza. Sasa rudia kwa gramu 3.00 za glukosi, nawe utapata 4.40 na 1.80, tarakimu kwa tarakimu. Hapo ndipo moto na mizani vinapofikia mwisho wa maarifa yao.

Ili kupanda kutoka uwiano hadi molekuli unahitaji habari moja zaidi: molekuli nzima ina uzito gani. CH₂O moja ina uzito wa 30, yaani 12 za kaboni, 2 za haidrojeni na 16 za oksijeni. Ukigundua kwa njia nyingine kwamba molekuli yako ina uzito wa 60, basi umeshika CH₂O mbili, na hiyo ni asidi ya siki. Ukipata 90, ni tatu. Ukipata 180, ni sita. Kushuka kunataka kugawanya tu. Kupanda kunataka kipimo kipya, na historia ya kemia inaonyesha gharama ya kukikosa.

John Dalton, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha kemia mwaka 1808, alijua haidrojeni na oksijeni hujenga maji. Hakuwa na njia ya kuhesabu ni atomu ngapi za kila upande, hivyo akachagua uwiano mwepesi kuliko wote: moja kwa moja, HO. Kwa dhana hiyo hata uzito alioupa oksijeni ulikwenda kombo. Amedeo Avogadro alitoa ufunguo mwaka 1811, lakini wanakemia wengi hawakuutumia mpaka Mwitalia mwenzake Stanislao Cannizzaro aliposimama kuutetea katika mkutano wa Karlsruhe mwaka 1860. Karibu nusu karne ilipita huku wataalamu wakiandika fomula tofauti kwa kitu kilekile. Nao uwiano wa HO una mwenyewe hasa: peroksidi ya haidrojeni, H₂O₂, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Ukiipunguza kwa 2 unapata HO. Maji, H₂O, hayapunguziki.

Karafuu za Unguja na Pemba nazo zina la kusema. Harufu yake inatokana zaidi na yujenoli, C₁₀H₁₂O₂. Gawa kwa 2, unabaki na C₅H₆O. Atakayepewa fomula hii fupi hawezi kujua kwamba mbele yake kuna mafuta ya karafuu. Hata ile ndefu haimalizi habari, kwa sababu ipo isoyujenoli yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, isipokuwa zimeshikana kwa mpangilio mwingine. Uwiano ni ngazi ya kwanza, idadi ni ya pili, mpangilio ni ya tatu.

Chumvi ya kula haimo katika ngazi hizo. Ndani ya punje yake hakuna molekuli ya NaCl iliyojitenga. Kuna sodiamu na klorini zenye chaji, zimepangwa zamu kwa zamu pande zote hadi punje inapoishia. NaCl ni uwiano tu, na hakuna fomula ya kimolekuli ya kuipandia.

Mahali ninapoiona tofauti hii ikiwa na uzito wa uhai ni katika pakiti ya ORS anayokorogewa mtoto anayeharisha. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una glukosi gramu 13.5 kwa lita moja ya maji. Utumbo haupimi gramu. Ukutani mwake mna milango ambamo glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji yakafuata. Kinachotakiwa kujulikana, basi, ni idadi ya molekuli, nayo huhesabiwa kwa moli, kama vile mfanyabiashara anavyohesabu kwa dazeni au korija. Mwenye kutumia fomula ya uwiano atagawa 13.5 kwa 30 apate moli 0.45, akidhani ana glukosi mara sita ya iliyopo. Mwenye kutumia C₆H₁₂O₆ atagawa kwa 180 apate 0.075. Na sodiamu iliyowekwa katika lita hiyohiyo ni moli 0.075: kwa kila molekuli ya glukosi, sodiamu moja.