Kobe anataka nyasi na jua, si wali

WENGI wanaofuga kobe hudhani ni mnyama asiye na gharama, kwa kuwa hula anachopewa na hapigi kelele. Lakini gamba linapoonekana kulegea, huwa madhara yalianza miezi mingi nyuma.

Mfugaji wa kuku wa mayai ataelewa upesi. Kuku akikosa chokaa hutaga mayai yenye ganda laini. Gamba la kobe nalo ni mfupa, linahitaji kalsiamu. Ila kalsiamu peke yake haitoshi. Ili mwili uitumie, ngozi ya kobe lazima ipate miale ya jua iitwayo UVB, inayousaidia kutengeneza vitamini D3.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kobe huwekwa sebuleni karibu na dirisha, mwenyewe akaridhika kwamba jua lipo. Kioo huzuia karibu miale yote ya UVB. Kinachoingia ni mwanga na joto. Wafugaji wa nchi za baridi hununua taa maalumu, nazo huishiwa nguvu hiyo zingali zinawaka, hivyo hubadilishwa kabla hazijaungua. Mkazi wa Pwani anayo bure uani. Aweke kivuli tu, maana kobe asiye na pa kujificha mchana huweza kufa kwa joto.

Katika Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 wameacha kizazi ambacho watalii hulipa kukiona. Hushinda nje, mara juani, mara chini ya miti. Dume wa aina hiyo huweza kufikia kilo 250, na chakula chake kikubwa ni nyasi na majani.

Wageni hupenda kuwalisha mboga. Si vibaya, lakini spinachi na mchicha visiwe mlo wa kila siku, kwa sababu vina oksaleti, ambayo huishika kalsiamu isifyonzwe. Nyasi ziwe ndiyo msingi, matunda yawe kidogo. Wali, mkate na chakula cha mbwa viachwe kabisa. Kwa kalsiamu ya ziada, mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni unafaa.

Kobe ni mnyamapori; Kenya na Tanzania sheria inataka kibali cha kumfuga. Wa Changuu waliibwa hadi wakabaki 7 mwaka 1996, ndipo ukajengwa uzio wa kuwalinda.