Nyiragongo wakati wa mapambazuko: mlima tunaoukimbia bila kuujua

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nane mwaka 2019. Kiongozi wa njia alipita kibanda kwa kibanda akigonga mbao na kutuambia tuvae kila nguo tuliyopanda nayo. Nje, karibu na kilele cha mita 3,470, upepo ulikuwa unakata masikio. Hatukuhitaji taa. Mwangaza mwekundu uliotoka chini ya shimo ulitosha kutuonyesha tunakanyaga wapi.

Tulikuwa kundi la watu wanane juu ya Nyiragongo. Sita walikuwa wageni kutoka Ulaya na Marekani. Wakongomani tuliolala pale kama watalii tulikuwa wawili tu. Wakongomani wengine wote walikuwa kazini: viongozi wa njia, walinzi wa mbuga wenye silaha, wapishi na wabeba mizigo.

Mimi ni mtoto wa Kalembe, senta iliyo mpakani mwa Masisi na Walikale, kwenye barabara inayotoka Mweso kwenda Pinga. Kwetu Nyiragongo lilikuwa jina la kwenye redio. Mwaka 2002 nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka wakubwa wamekaa kuzunguka redio moja wakisikiliza kwamba Goma inaungua. Kila familia ilikuwa na mtu kule. Tangu siku hiyo, kwangu mlima huo ulikuwa na maana moja: kitu kinachoshuka na kuua. Wazo la kupanda huko kwa miguu, tena kwa kulipa, halikuwa limenijia hata kidogo.

Saa tano za kupanda

Safari inaanzia Kibati, kaskazini mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru. Kituo kiko chini kidogo ya mita 2,000. Kutoka pale hadi juu ni kilometa kama nane, lakini mguu unapanda karibu mita 1,500. Tuliandikisha majina, tukapewa fimbo, na wabeba mizigo wakagawana mifuko. Mlinzi mmoja alitangulia, mwingine akafunga msururu nyuma.

Mwanzo ni msitu, na njia ni laini. Baada ya saa moja hivi unaingia kwenye mawe ya mwaka 2002. Ni meusi, mepesi, yanaviringika chini ya buti, na ukianguka yanachana mikono kama chupa iliyovunjika. Kiongozi wetu, tuliyemwita yaya kwa sababu alitupita wote umri, alitusimamisha kwenye ufa mmoja ambapo mvuke ulikuwa bado unatoka. Alitueleza kwamba mlima ulipasuka pale, ubavuni, karibu na shimo la zamani linaloitwa Shaheru, na kwamba ndiko moto ulikotokea kushuka mjini.

Hilo lilinishangaza. Kama watu wengi, nilidhani moto hujaa shimoni mpaka unamwagika kwenye mdomo, kama maziwa kwenye sufuria. Nyiragongo haifanyi hivyo. Mara tatu zote zinazokumbukwa, mwaka 1977, 2002 na 2021, ni ubavu wa mlima uliopasuka na moto ukatoka kupitia nyufa. Ndiyo maana mtu anaweza kuangalia kilele kutoka Goma, akaona moshi wake wa kila siku, akalala bila wasiwasi, na hatari ikatokea chini kabisa, karibu na nyumba yake.

Sehemu ya mwisho ni mwamba mtupu, na mteremko ni mkali kiasi kwamba unapanda kwa mikono na miguu. Mabuti yangu ya kuazima yalikuwa yameshanitoboa visigino. Yaya aliniambia niangalie kisigino cha aliye mbele, nisiangalie juu. Tulifika saa kumi jioni, baada ya saa tano na zaidi.

Shimo na jua

Shimo la Nyiragongo lina upana wa zaidi ya kilometa moja. Wakati ule, chini kabisa, kulikuwa na ziwa la moto lenye upana wa karibu mita 200, moja ya maziwa makubwa ya aina hiyo duniani. Sauti yake nilikuwa nimeifikiria kuwa ya ngurumo. Ilikuwa kama mawimbi ya ziwa Kivu siku ya upepo, mfululizo, usiku kucha. Ngozi nyeusi inajifanya juu ya moto, inapasuka, mistari myekundu inatembea, kisha inazama na kuanza upya.

Jua lilichomoza baada ya saa kumi na mbili, nyuma ya Karisimbi, na mlima Mikeno ukaonekana kando yake mweusi kama jino. Rangi nyekundu ya shimo ilififia, ikabaki moshi tu. Kusini tuliona Goma na Gisenyi zimeungana kama mji mmoja, na ziwa linang'aa. Kaskazini-magharibi, karibu, ilikuwa Nyamulagira, mlima wa moto jirani, mfupi zaidi na mpana. Nyuma yake vilima vya Masisi vilifuatana kimoja baada ya kingine mpaka kwenye ukungu. Nilijua Kalembe iko upande ule, ingawa sikuweza kuiona.

Kutoka pale juu nilielewa kwa nini Nyiragongo unaogopwa kuliko milima mingine ya moto. Moto wake una silika kidogo sana, kwa hiyo ni mwepesi, unatiririka kama mafuta. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 ziwa lote la moto lilitoka kwa muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko ya juu ulikimbia kama gari barabarani. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Zaidi ya watu 100 walikufa, na zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Kutoka kwenye mdomo wa shimo hadi ziwani ni chini ya kilometa 20. Unaona njia yote kwa jicho moja, na imejaa mabati ya nyumba.

Kazi iliyokufa

Wakati tunashuka niliongea na wabeba mizigo. Wengi walikuwa vijana wa vijiji vya chini ya mlima. Kabla ya kazi hiyo, baadhi yao walikuwa wanachoma makala ndani ya mbuga, kazi inayolipa lakini inayomaliza msitu na kumfikisha mtu gerezani. Mzigo mmoja wa mtalii, kwenda na kurudi, ulilipa chakula cha nyumba na kitu kidogo cha shule.

Kazi hiyo ilikuwa nyepesi kuvunjika, na wao walijua. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, ilikuwa imefungia watalii mlango tangu mwezi wa tano 2018, baada ya Waingereza wawili kutekwa nyara na mlinzi wa kike aliyekuwa nao kuuawa. Ilifunguliwa tena mwezi wa pili 2019. Mwaka mmoja tu baadaye ikaja Korona. Mwezi wa nne 2020 walinzi 12 wa mbuga waliuawa siku moja karibu na Rumangabo. Kisha ukaja mlipuko wa 2021, na baada yake vita vya M23. Ile njia ya Kibati tuliyoshuka tukiimba ikawa mstari wa mapigano.

Niliwauliza pia kwa nini Wakongomani hawapandi. Jibu lilikuwa bei kwanza. Kibali cha mgeni kilikuwa dola 300, pesa inayopita mshahara wa mwezi wa mwalimu wetu. Lakini jibu la pili ndilo lililonibakia: mtu wa Goma anaona ni wazimu kupanda kwenda kwa kitu kilichochoma nyumba ya mama yake.

Barabara moja, njia mbili

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya Jumamosi, giza likiingia, mlima ulipasuka tena. Moto ulishuka hadi Buhene, pembeni mwa Goma, ukakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 32 walikufa. Hakukuwa na tangazo lolote kabla. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimepungukiwa vifaa na intaneti baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kwisha mwaka 2020. Lakini wataalamu waliochunguza baadaye, na kuchapisha kazi yao mwaka 2022, walisema jambo gumu zaidi: hata vifaa vilivyokuwepo vilionyesha dalili za wazi kwa muda usiofika saa moja kabla ya mlima kupasuka.

Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Mamia ya maelfu ya watu walitoka, wengi kwa miguu, magodoro kichwani, kuelekea Sake. Sake ni mlango wa Masisi. Familia zetu za vilimani zilipokea watu wa Goma na kugawana nao maharagwe na viazi, chakula ambacho sehemu kubwa ya Masisi inakipata kwa sababu udongo wake umetokana na volkano hizihizi.

Haikupita miaka mitatu, barabara ileile ikajaa tena, lakini upande wa pili. Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika Sake, na watu wa Masisi wakashuka Goma. Walijenga vibanda vya bashi Bulengo, Lushagala na Rusayo, juu ya mawe ya volkano ambayo hayakubali kigingi. Upande ule, kati ya Goma na Sake, kuna pia mazuku, hewa mbaya isiyoonekana inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, hasa usiku na alfajiri. Mwenyeji anajua shimo gani mtoto asilale ndani yake. Aliyetoka Kalembe au Kitshanga jana usiku hajui.

Tarehe 20 mwezi wa kumi 2024 M23 waliingia Kalembe. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 waliingia Goma, na wiki chache baadaye kambi zile zikabomolewa. Watu waliambiwa warudi makwao, wengine wakakuta makwao hakuna nyumba.

Tunachohitaji kujua

Naandika haya kwa sababu katika vita tumeusahau mlima, na mlima hausubiri vita viishe. Baadaye mwaka uleule wa 2021 moto ulionekana tena chini ya shimo. Wakati huohuo watu wengi wanaoishi leo kati ya Kibati na ziwa hawakuwa hapo mwaka 2002, na wengine hawakuwa hapo hata 2021. Wamekimbizwa na risasi, hawajui mawe wanayolalia yametoka wapi.

Mambo ya kuwaambia si mengi. Moto unafuata mabonde, kwa hiyo kimbia kwenda pembeni na juu, usikimbie kufuata bonde. Usisogelee moto uliopoa juu, kwa sababu ndani bado unachoma na unatoa hewa ya sumu. Usilale wala kuchuchumaa kwenye shimo ambalo wenyeji wanalikwepa. Weka karatasi muhimu na dawa za wagonjwa mahali pamoja. Ambianeni mapema familia itakutana wapi, maana mwaka 2021 mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao usiku mmoja. Haya yanaweza kusemwa kanisani, msikitini, shuleni na redioni, nani awe anatawala mji.

Na siku amani ikirudi na njia ya Kibati ikafunguliwa, wa kwanza kupandishwa wawe wanafunzi wetu. Mtoto aliyesimama juu na kuona njia ya moto hadi ziwani hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Noeli ya 2019 nilirudi Kalembe na picha za safari kwenye simu. Watoto wa jirani walizipitia mpaka betri ikaisha. Mjomba wangu aliniuliza swali moja tu, kama kutoka kule juu Kalembe inaonekana. Nilimwambia vilima naviona, nyumba sizioni. Akanijibu kwamba basi siku moja tutapanda wote, yeye atanionyesha.

Mwezi wa kumi 2024 alikimbilia upande wa Walikale na mfuko mmoja. Simu yake ikipata mtandao, bado ananiuliza kama njia imefunguliwa.