Soba si hospitali: uliza haya kabla ya kumwacha mwanao getini

Kwa familia nyingi za Karatu, safari ya kumpeleka kijana soba huanza kwa siri. Majirani huambiwa amepata kazi Arusha au Moshi. Fedha ya vitunguu vya Mang'ola inafungwa kwenye kitenge, basi la alfajiri linapandwa, na jioni mama anarudi peke yake na risiti ya mwezi mmoja mkononi. Mara nyingi hakuuliza lolote. Mtu aliyechoka kuibiwa sufuria zake hana nguvu ya kuhoji.

Soba, au nyumba ya upataji nafuu kama serikali inavyoiita, ni makazi ambako mraibu hukaa miezi kadhaa mbali na kijiwe chake, chini ya ratiba na ushauri. Nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, na hiyo ni nguvu yao, kwa kuwa teja hamdanganyi kirahisi aliyekuwa teja. Lakini soba si hospitali, na katika wilaya ambazo wazazi wanalilia gongo na bangi kuliko unga, tofauti hiyo inaweza kugharimu maisha.

Arosto ya heroini inatesa, ila kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua. Ya pombe ndiyo ya kuogopwa zaidi. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege na hata kufa, hasa katika siku tatu au nne za kwanza. Akifungiwa chumbani siku hizo eti "atulie", anaweza kukutwa asubuhi amekwisha. Kwa hiyo mnywaji aanzie kwa daktari: Karatu kuna hospitali ya Kilutheri, Ngorongoro kuna Wasso. Soba ifuate baadaye.

Wengine huulizia metadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Hiyo ni dawa ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Mnywaji au mvuta bangi haimsaidii.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka yenye jina hilohilo. Wengi wanaijua kwa kukamata wauzaji na kufyeka mashamba ya bangi, lakini kazi yake inagusa pia tiba, na nyumba hizi zina mwongozo wake. Mamlaka ina ofisi ya kanda jijini Arusha na simu ya bure, 119. Mzazi apige kabla ya kulipa, aulize kama nyumba anayoelekezwa inatambuliwa.

Akifika getini, aulize tena. Muuguzi ni nani, na huja siku gani? Kijana akizidiwa usiku anapelekwa hospitali ipi, kwa gari la nani? Wanalala wangapi chumba kimoja? Mzazi anaweza kuzungumza naye faragha, bila msimamizi kusikiliza? Mwenye nyumba anayekataa kuonyesha mahali pa kulala amekwisha kujibu. Minyororo na viboko si tiba, na kumpiga mtu ni kosa hata kama baba yake alisaini karatasi. Aliye chini ya miaka 18 apitie kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, asije akachanganywa na watu wazima.

Liko swali moja ambalo mwenye soba hawezi kulijibu: kijana atarudi wapi? Msimu wa watalii ukishika kasi, fedha taslimu inazunguka mjini Karatu na vijiwe viko palepale. Akishuka stendi peke yake na begi lake, wa kwanza kumlaki wanaweza kuwa walewale aliowaacha. Siku hiyo baba asingoje nyumbani. Awe stendi kabla basi halijafika.