Kiingereza changu kiligonga mwamba, daftari la shosho likatufungulia mlango

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliandika ombi la ufadhili la kurasa 11, Kiingereza cha kuvalia suti, nikalituma saa sita usiku nikiwa na raha kama mtu ambaye pesa tayari zimeingia kwa simu. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Mistari miwili. Asanteni kwa kutuandikia, hatutaendelea nanyi.

Chuo mimi niliacha mwaka wa pili karo iliponilemea, lakini kwa ploti yetu huku Mathare bado mimi ndiye "yule wa kompyuta". Ukiwa na laptopu na blogu, mtaa unaamini unaweza kuandika kitu chochote: barua ya kazi, tangazo la kifo, hata kumjazia mtu fomu za KRA. Kwa hivyo akina mama wanaolea watoto mchana walipoamua kutafuta mfadhili, walibisha kwangu.

Kituo chao ni chumba kimoja cha mabati. Siku ikiwa nzuri kuna watoto 27, wengi hawajafika miaka minne. Mama zao wanafua nguo Eastleigh, wanabeba kokoto kwa mjengo, wengine wanauza mboga. Mtoto analetwa saa kumi na mbili unusu asubuhi akiwa na Sh50. Zamani, mama akikosa wa kumwachia mtoto, alimfungia ndani na kufuli, akaenda kutafuta unga. Miaka mitatu iliyopita mmoja wa watoto hao aliangukia jiko la makaa. Aliyevunja kufuli ni jirani, mama mzee tunayemwita tu Shosho. Mtoto alipona, ila mkono una kovu mpaka leo. Wiki iliyofuata Shosho akaanza kukaa na watoto watatu nyumbani kwake. Hivyo ndivyo kituo kilizaliwa.

Sasa mimi, mwandishi, nikaona hapo kuna stori. Nikaanza ombi langu na huyo mtoto: jiko, kufuli, mayowe, kila kitu. Niliwasomea akina mama lile ombi baada ya kukataliwa, nikiwatafsiria mstari kwa mstari ili tujue tulikosea wapi. Shosho alinisikiza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Kijana wangu, huyo mtoto ulimwomba ruhusa?" Nikasema ni mdogo. Akasema, "Siku moja atajua kusoma."

Sikuwa na jibu.

Kabla sijafika kwa kilichotusaidia, wacha niseme kitu kuhusu hizi wakfu, maana wasee wengi hudhani ni benki ya huruma. Haiko hivyo. Wakfu nyingi kubwa za Marekani ni mali ya tajiri fulani iliyowekezwa, na sheria ya kodi ya huko inazilazimu kutoa takriban asilimia 5 ya thamani ya mali hiyo kila mwaka. Kwa hivyo kuna mtu ameketi ofisini na kazi yake ni kutoa pesa. Shida ni kwamba kila wakfu umejichagulia inatoa kwa nani, wapi na kwa nini, na wewe usiposoma hapo utapoteza usiku kama mimi. Nilipata wakfu wa W.K. Kellogg, yule mzee wa corn flakes, ulioanzishwa 1930. Watoto, familia, jamii zinazojitegemea: kila neno lilikuwa letu. Nikaandika kurasa nne kabla ya kusoma ule ukurasa unaosema wanafanya kazi wapi. Michigan, Mississippi, New Mexico, New Orleans, halafu Mexico na Haiti. Mathare haikuwa kwa orodha, bana.

Huku nyumbani kuna milango iliyo karibu zaidi. Kuna KCDF, wakfu wa Kenya ulioanza 1997, unaojulikana kwa kuongezea juu ya kile ambacho jamii imechanga yenyewe. Kuna Global Fund for Children, inayotafuta makundi madogo ya mashinani yanayofanya kazi na watoto. Na kuna Kidogo, ambayo si wakfu lakini inawafunza akina mama wenye vituo kama chetu namna ya kuviendesha viwe salama na vijilipe. Soma kwanza masharti ya kila mmoja. Halafu jua hili: ukiambiwa utume "ada ya kushughulikia" kwa M-Pesa ndio ombi lako lisomwe, huyo ni mwizi. Vivyo hivyo anayetaka kukuandikia kwa malipo ya asilimia 10 ya pesa mtakazopata.

Mabadiliko kwetu yalikuja kwa swali moja. Nilihudhuria kikao cha mafunzo cha bure katika ukumbi wa kanisa fulani, na pale palikuwa na dada ambaye kazi yake ni kukagua maombi. Nilimfuata wakati wa chai nikaanza kumpigia ile hotuba yangu. Akanikata katikati, kwa upole: "Jumanne iliyopita walikuja watoto wangapi?"

Nikasema kama thelathini hivi.

"Kama thelathini ni hesabu ya mtu anayekisia," akasema. "Mimi siwezi kumpa pesa mtu anayekisia."

Nilirudi mtaani nikiwa nimenuna. Nikamwambia Shosho nilichoulizwa, nikitarajia anionee huruma. Badala yake aliinuka, akatoa chini ya godoro daftari la mraba. Halafu la pili. Halafu la tatu. Miaka mitatu yote ilikuwa hapo. Alama ya bluu mtoto amekuja, alama nyekundu amelipa, na pembeni maneno mafupi: mgonjwa, ushago, mama hana kazi. Jumanne ile walikuja 24, wakalipa 16. Maze, mimi nilikuwa nimeandika kurasa 11 za "idadi kubwa ya watoto walio hatarini" na jibu limelaliwa na mtu hatua ishirini kutoka kwangu.

Kilichoniacha mdomo wazi zaidi kilikuwa nyuma ya daftari. Mhudumu wa afya ya jamii hupita pale na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye kijani, manjano na nyekundu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni manjano. Shosho alikuwa akinakili vipimo vyote. Mwanzo wa mwaka watoto sita walikuwa manjano. Baada ya miezi minane ya uji wa saa nne na chakula cha mchana, walibaki wawili. Wakfu ukikuuliza kuhusu ustawi wa mtoto, hicho ndicho unachoulizwa. Si machozi.

Tukaketi kupiga hesabu, na hapa ndipo kulikuwa na joto. Watoto 27 wakilipa wote ni Sh1,350 kwa siku. Lakini daftari linasema kwa wastani hulipa 18, yaani Sh900. Chakula ni Sh700, walezi wawili Sh300 kila mmoja, maji Sh80, kodi ya chumba ukiigawanya kwa siku za kazi ni karibu Sh200. Jumla Sh1,580. Kila siku kuna shimo la Sh680, na limekuwa likizibwa na akina mama wenyewe: wanakosa kujilipa, wanachota kwa chama chao cha kila wiki, wanakopa makaa.

Mwenyekiti alitaka tuombe pesa za kuziba hilo shimo kwa miaka miwili. Ni jambo la kueleweka, watu wamechoka. Lakini kwa fomu kulikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelijibu vibaya mara ya kwanza: ufadhili ukiisha itakuwaje? Mimi niliandika "tutatafuta wafadhili wengine." Aki ya nani, niliandika hivyo.

Tulibishana siku mbili. Wengine walisema tuanzishe sabuni ya maji, lakini mtaani kila kikundi kinatengeneza sabuni ya maji na hakuna anayenunua. Mwishowe mama mmoja ambaye huwa hasemi sana akauliza, "Sisi hununua maji kwa nani?" Kimya. Tunanunua kwa jirani, mtungi wa lita 20 Sh5, siku ya ukame unapanda mpaka Sh20. Tukaomba hivi: mita halali, tangi la lita 5,000 na jukwaa lake, sufuria kubwa, jiko linalookoa makaa, na malipo ya walezi kwa mwaka mmoja tu tukisubiri maji yaanze kuuza. Tukiuza mitungi 200 kwa siku ni Sh1,000. Toa muuzaji na bili, inabaki kama Sh600. Haizibi shimo lote, na tukaandika hivyo hivyo: haizibi lote, linabaki la Sh80, na siku mfereji ukikauka hakuna mauzo. Jumla ya ombi ilikuwa Sh540,000. Lile la kwanza, usicheke, lilikuwa la Sh1.8 milioni, likiwa na fulana, laptopu mpya na posho yangu, wakati akaunti ya kikundi ilikuwa na Sh23,400.

Makaratasi hayakuwa mchezo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka angalau watu 10, na sisi tulikuwa wanane. Wakajitokeza wengi ghafla waliposikia neno mfadhili. Tulichukua wawili ambao majina yao tayari yalikuwa kwa daftari, wazazi waliokuwa wakija Jumamosi kuosha sakafu. Katiba, kumbukumbu za mkutano, nakala za vitambulisho, akaunti yenye watu watatu wa kutia sahihi. Cheti cha tabia njema kwa kila mlezi, Sh1,050 kila kimoja, chama kikalipa. Halafu kanuni za kumlinda mtoto. Hizo tuliandika kwa Kiswahili kwanza, ukurasa mmoja, tukazibandika mlangoni: nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, hakuna mtu mzima wa kubaki peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa, na nambari 116 ya kuripoti dhuluma bila malipo. Nilipozitafsiri, sikuongeza kitu.

Ombi jipya lilikuwa kurasa nne. Mtoto wa jiko hayumo. Tuliandika tu kwamba wazazi walikuwa wakifungia watoto ndani wakienda kazini, na kwamba watoto 27 hawafungiwi tena. Tuliambatanisha picha za kurasa sita za daftari, majina yakiwa yamefunikwa.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Kwanza barua pepe ya maswali, halafu wageni wawili waliokuja bila mbwembwe, wakaketi kwa mkeka na kuomba kuona daftari lenyewe. Mwezi uliopita tukaambiwa ndiyo, lakini ni Sh400,000, tuchague cha kupunguza. Kikundi kilipiga kura jioni ile ile. Laini ya kwanza kukatwa ilikuwa Sh30,000 za "mwandishi na mawasiliano", ambazo nilikuwa nimezichomeka tena katikati ya bajeti nikidhani hakuna atakayeona. Shosho aliona. Halafu malipo ya walezi yakashuka kutoka miezi 12 hadi minane. Tangi halikuguswa.

Jukwaa la mawe limejengwa, fundi anangoja simiti ikauke. Mita bado, tumeambiwa turudi Alhamisi. Ripoti ya kwanza inatakiwa baada ya miezi mitatu, na safari hii naandika nikiwa nimeketi karibu na Shosho, yeye akisoma nambari kwa sauti na mimi nikichapa. Daftari la nne ameshanunua.